Mjane Mwenye Mume Hai

Siku Lalsari alipoambiwa kwamba yeye si mke wa marehemu mumewe, hakulia. Alikuwa amesimama mbele ya dirisha la ofisi ya pensheni za wanajeshi wa jeshi la India, mjini, amevaa sari nyeupe ya ujane. Mkononi alikuwa na mfuko wa nailoni wenye kila kitu alichoagizwa: cheti cha kifo, barua ya kata, kitabu cha pensheni cha marehemu, na picha waliyopiga pamoja siku binti yao mkubwa alipoolewa. Karani, ambaye naye alikuwa mstaafu wa jeshi hilohilo, alizisoma karatasi, akazirudia, kisha akavua miwani.

"Mama, jina lako nani?"

"Lalsari. Mke wa Sajini Hastabir Ale."

"Kwenye kumbukumbu za kikosi, mke wa Sajini Hastabir anaitwa Gaumati."

"Huyo alitoroka kabla mimi sijaolewa. Kijiji kizima kinajua."

"Kijiji kinajua, mama, lakini jeshi halijui. Marehemu hakutuandikia. Kwetu mke ni yule aliyeandikishwa, mpaka ithibitike kwamba ndoa yao ilikwisha." Karani akashusha sauti, maana foleni nyuma ilikuwa imetega masikio. "Na kuna jambo lingine. Huyo Gaumati ameshaleta maombi. Anasema yeye ndiye mjane."

Lalsari alizikusanya karatasi zake moja moja, akazirudisha kwenye mfuko, akafunga fundo. Akatoka nje na kukaa kwenye benchi la kibanda cha chai, na chai aliyoletewa ikapoa mbele yake.

Habari yenyewe ilikuwa ya zamani. Hastabir alipokuwa askari mpya, alikuja likizo yake ya kwanza, akamwoa Gaumati, msichana wa ng'ambo ya korongo. Aliporudi India kwenye kikosi akamwandikisha, kama kila askari alivyofanya. Akapelekwa kulinda mpaka kwenye theluji. Huku nyuma Gaumati akaondoka na Jitman Rana, mwendesha nyumbu aliyekuwa akipita na mizigo ya chumvi.

Kwa watu wa kabila la Magar wa milima ile, mambo ya namna hiyo hayakupelekwa mahakamani. Mwanamume aliyechukua mke wa mtu alimlipa mume huyo faini mbele ya wazee, wakanywa pombe ya ulezi pamoja, na yakaishia hapo. Jitman alileta nyati jike wa maziwa, wale wa kufugwa, na vipande vya fedha. Hastabir aliipokea kamba ya nyati, akanywa bakuli lake, na tangu siku hiyo Gaumati akawa mke halali wa Jitman. Karatasi haikuwapo, wala hakuna aliyewaza kwamba ingehitajika.

Kosa la Hastabir lilikuwa moja tu. Hakumwandikia kamanda wake. Angeandika nini? Kwamba wakati analinda mpaka wa nchi, mwendesha nyumbu amevuka mpaka wa kitanda chake? Kambi nzima ingemcheka mpaka siku ya kustaafu. Akanyamaza. Lalsari alipoolewa alimkuta nyati yule zizini, na maziwa ya kwanza aliyokamua katika ndoa yake yalikuwa ya nyati wa Gaumati. Kila likizo alimuuliza mumewe, "Umeshamfuta yule?" Na kila likizo Hastabir alijibu, "Nikirudi kikosini nitaandika." Alipanda cheo akawa sajini, akastaafu, akapooza upande mmoja, akalishwa uji na kuoshwa na Lalsari, akafa. Hakuandika.

Lalsari alikuwa anayawaza hayo pale kibandani alipowaona watu wawili wakishuka ngazi za ofisi. Mmoja alikuwa Dilbar, mwenyekiti wa kata yao. Wa pili alikuwa mwanamke mzee mnene, amevaa nyeupe, kichwa amekizungushia shali nzito iliyoshuka mpaka kwenye nyusi. Ulikuwa mwezi wa joto kali, hata mbwa walilala kwenye mitaro. Ilimchukua Lalsari muda kutambua kwamba ni Gaumati. Dilbar alikuwa mtoto wa kaka yake Gaumati.

"Lo, Lalsari!" Gaumati alisema. "Pole na msiba, dada."

"Pole na wewe," Lalsari akajibu. "Nasikia tumefiwa wote."

Dilbar akakohoa. Gaumati hakupepesa macho. "Mimi ndiye niliyeolewa naye kwanza. Kalamu ya jeshi haidanganyi."

"Na aliyemwosha mavi?"

"Hayo hayaandikwi kwenye fomu, dada yangu."

"Mimi watu wananiita Mama Sajini, Gaumati. Wewe ulipoondoka alikuwa bado anafundishwa kufunga kamba za viatu. Unamdai sajini gani?"

"Yuleyule aliyelitunza jina langu mpaka anakufa," Gaumati akasema, akatabasamu, akapita. Jasho lilikuwa linamchuruzika mashavuni, lakini shali hakuigusa.

Lalsari aliiona ile shali, akaifikiria njia nzima ya kurudi milimani. Kibandani kulikuwa na kijana mmoja anayewajazia watu fomu, aliyesikia mazungumzo yote. Alimfuata Lalsari mpaka kwenye basi akimnong'oneza, "Mama, mbona jambo dogo? Tunakutengenezea kitambulisho cha Gaumati. Wawe Gaumati wawili, ofisi ihangaike kumtafuta wa kweli. Wangapi wamefanya hivyo!"

"Mwanangu," Lalsari alimwambia, "nimelala kwenye mto wake na nimekamua nyati wake. Leo nivae na jina lake? Nenda zako kabla sijakuvua hiyo kofia."

Ofisi iliamua kwamba kata iitishe baraza la ushahidi uani kwa marehemu, na karani wa pensheni angepanda mlima kusikiliza mwenyewe. Majirani wangeulizwa nani mjane, maneno yao yangeandikwa, kila mtu angeweka dole gumba. Ingekuwa rahisi kama kata isingekuwa ya Dilbar. Wazee waliokunywa pombe ya faini ile walikuwa wameshakufa wote. Waliobaki walikuwa watoto siku hizo, na kila mmoja alikuwa na haja yake kwa mwenyekiti. Huyu alitaka bomba la maji lipite kwake, yule alitaka barua ya mwanawe kwenda kufanya kazi Uarabuni. Lalsari aliwapitia nyumba kwa nyumba. Walimpa kigoda, wakampa mahindi ya kukaanga, wakaangalia chini.

"Mimi nilikuwa mdogo, Mama Sajini," alisema mmoja. "Nakumbuka nyati tu."

"Basi sema nyati."

"Nyati wapo wengi."

Aliporudi nyumbani aliitazama picha ya Hastabir ukutani, amevaa medali zake, kifua mbele. "Ulimwogopa kamanda," alimwambia. "Hukuniogopa mimi. Hapo ndipo ulipokosea." Kama asingepata pensheni, shamba lisingemtosha, maana mawe yalikuwa mengi kuliko udongo, na binti zake walikuwa kwa waume zao na shida zao. Lakini kilichomnyima usingizi hakikuwa njaa. Kilikuwa lile tabasamu chini ya shali. Alitaka kulifuta. Kama angeambiwa achague kati ya pensheni na kulifuta lile tabasamu, angeomba kwanza apewe siku moja ya kufikiri.

Asubuhi akaenda kwa Bibi Nainakala, mjane mkongwe kuliko wote kijijini, asiye na jino hata moja, mwenye kutafuna tumbaku iliyotwangwa. Yeye ndiye aliyewaongoza wanawake kumpeleka Lalsari mtoni siku ya mazishi, wakamfuta rangi nyekundu ya utosini ambayo mke hupakwa maadamu mumewe yu hai, wakamvua shanga na kuvunja bangili zake juu ya jiwe. Hakuna mjane kijijini ambaye hakupita mikononi mwa Nainakala.

"Bibi," Lalsari alisema, "kuna mjane mmoja wa mume wangu hamjamhudumia."

Nainakala akatafuna kwa muda. "Yule wa mwendesha nyumbu?"

"Anakuja baraza. Anasema yeye ndiye mjane. Mimi nasema, kama ni mjane, apewe ujane wake wote."

"Kwani hajajifuta?"

"Bibi, amejifunga shali ya baridi kwenye jua la kiangazi. Ile shali inaficha nini?"

Kikongwe alimtazama, kisha mabega yake yakaanza kutikisika. Alicheka mpaka tumbaku ikamwingia njia ya hewa, Lalsari akampigapiga mgongoni. "Rangi ya Jitman!" alisema alipopata pumzi. "Ameogopa kuifuta. Mume yuko hai, akiifuta anamwita kifo." Akafuta macho. "Una roho mbaya, Lalsari."

"Ninayo."

"Nitawaleta wote. Jiwe je?"

"Lipo. Lilelile lililovunjia zangu."

Kulibaki jambo moja. Lalsari alituma salamu ng'ambo ya korongo kwamba siku ya baraza atachinja nguruwe, na wageni wa mbali wote watakula. Jitman hakuwahi katika maisha yake kupita mbele ya nguruwe aliyechinjwa bila kukaa chini.

Siku ilipofika, uani palijaa. Karani wa pensheni alikaa kwenye kiti, Dilbar pembeni yake, katibu wa kata na karatasi zake kwenye mkeka. Gaumati alikuja na shali yake. Nyuma yake alikuja mzee mkavu, kifua kinapiga filimbi kila akivuta pumzi. Alikwenda moja kwa moja upande wa jikoni, kwenye harufu.

"Na huyu nani?" karani akauliza.

"Jirani yangu," Gaumati akasema. "Kanisindikiza, njia ni mbaya."

Watu wakatazamana. Mtu mmoja akakohoa kicheko, Dilbar akageuza shingo, kicheko kikafa. Jitman mwenyewe alipewa bakuli la pombe ya ulezi na sahani ya nyama, akaketi ukutani kama jirani mwema.

Ushahidi ukaanza. Mmoja baada ya mwingine walisema hawakumbuki vizuri. Ndiyo, Gaumati aliolewa hapa. Ndiyo, Lalsari naye aliolewa hapa. Faini? Huenda. Nyati? Nyati wapo wengi. Katibu aliandika. Dilbar alikuwa anatikisa kichwa taratibu kama mtu anayesikiliza ngoma aipendayo. Karani aliuliza mara mbilimbili, akakuna kidevu. Lalsari aliona inavyokwenda. Akasimama.

"Mheshimiwa karani, sina shahidi. Namkubali huyu dada ni mjane."

Vichwa vikainuka. Hata Gaumati aligeuka.

"Namkubali," Lalsari alirudia. "Ila kwetu mjane hakai uani kwa marehemu kabla hajahudumiwa. Mimi nilihudumiwa siku ileile. Yeye alichelewa, si kosa lake, njia ni mbaya, amesema mwenyewe. Wenzake wamekuja kumsaidia. Akimaliza, mwandikeni."

Ndipo wajane wakaingia. Walitokea nyuma ya zizi, wote wamevaa nyeupe, Nainakala mbele akiegemea fimbo. Mmoja alibeba maji, mmoja kitambaa cheupe. Lalsari aliliinamia jiwe lililokuwa chini ya ngazi siku zote, akaliweka katikati ya ua.

"Mambo gani haya?" Dilbar alisimama. "Hili ni baraza la serikali!"

"Kaa chini, mtoto," Nainakala alisema. "Mama yako nilimvunjia bangili mimi. Uliona nikimwomba nani ruhusa?"

Dilbar akakaa.

Nainakala akanyoosha mkono na kuivuta shali. Ilitoka kwa mkupuo mmoja. Mstari mwekundu ulikuwa umekoza utosini kwa Gaumati, mpya, umepakwa asubuhi ileile. Shingoni shanga nyekundu, na mikono ya blauzi ilipopandishwa, bangili za kioo zikaonekana mpaka karibu na kiwiko. Minong'ono ikapita uani kama upepo kwenye shamba la mahindi.

"Pole, mwenzetu," Nainakala alisema kwa upole. "Umebeba furaha hii peke yako miezi yote, mume amelala mautini. Lete mkono."

Mtu akimtazama Gaumati wakati ule angesema ni mwanamke jasiri, na ni kweli alikuwa jasiri. Alimtazama karani, akamtazama Dilbar, akapiga magoti. Akaunyoosha mkono juu ya jiwe. Mjane mmoja alichovya kitambaa kwenye maji, akakiinua kuelekea utosini.

Bakuli lilianguka jikoni.

"Ngojeni!" Jitman alikuwa amesimama, mafuta ya nguruwe yanamtiririka kidevuni. "Ngojeni, mnafanya nini? Gaumati! Toa mkono huo!"

"Kaa chini, jirani," Lalsari akamwambia. "Nyama haijaisha."

"Jirani nini! Mimi niko hai! Mnaniua mchana kweupe!" Kifua kilipiga filimbi kwa nguvu. "Rangi hiyo ni yangu! Nimempaka mimi leo asubuhi!"

"Jitman, nyamaza," Gaumati alisema kwa meno. "Ni maji tu. Nyamaza."

"Maji tu? Utanifuta kama niko kaburini, useme maji tu?" Akamgeukia karani, akimtolea mikono kama anayeomba. "Mzee, huyu ni mke wangu! Nilimlipia! Nilileta nyati hapa hapa uani, nyati jike mwenye doa kwenye pembe, nikatoa na fedha, Hastabir mwenyewe akashika kamba! Nitakula kiapo. Leteni mnachotaka nile kiapo!"

"Nyati mwenye doa kwenye pembe," alisema polepole yule jirani aliyekumbuka nyati tu. "Ndiye huyo huyo. Nilikuwa nampanda mgongoni." Akapaza sauti. "Andika hapo, katibu!" Na mwingine akadakia kwamba baba yake ndiye aliyemimina pombe, na mwingine kwamba mama yake alikula nyama siku ile, mpaka katibu akaomba waongee mmoja mmoja. Dilbar alikuwa ameshageuka kumtazama nyumbu aliyefungwa kwa mbali.

Karani alivaa miwani, akamsogezea Jitman wino. Dole gumba la mwendesha nyumbu lilitua kwenye karatasi likiwa na mafuta bado.

Yalikuwa yamekwisha. Wajane waliuachia mkono wa Gaumati, yule mwenye kitambaa akakikamua. Lakini Gaumati alipotaka kunyanyuka, Lalsari alikuwa amechuchumaa mbele yake, ameushika ule mkono.

"Umeshinda," Gaumati alisema. "Niache."

"Bado."

"Unataka nini tena? Pensheni yako hiyo." Macho yao yalikuwa karibu sana. Gaumati akasema chini chini, ili wasisikie wengine, "Ila jiulize. Alikuwa na kalamu miaka yote hiyo. Mbona hakunifuta?"

Lalsari aliuvuta ule mkono, akaugonga juu ya jiwe. Bangili moja ikapasuka, vipande vyekundu vikarukia kwenye vumbi. Jitman aliguna kama aliyepigwa ngumi tumboni, akateleza ukutani mpaka chini.

"Basi, Lalsari," Nainakala alisema. "Inatosha."

"Hiyo ilikuwa ya aliyekufa," Lalsari akasema, akausukuma ule mkono. "Zilizobaki ni za huyo jirani yako. Mpeleke nyumbani."

Jitman hakufa. Lakini tangu siku ile, waliopita ng'ambo ya korongo walisema hakumruhusu Gaumati kuvua bangili hata kuosha vyombo, na kila kifua kilipombana aliushika mkono wa mkewe na kuanza kuzihesabu. Nguruwe aliliwa akaisha. Karani alifungiwa paja moja la nyama aende nalo mjini.

Pensheni ilianza kuja baada ya mvua. Kitu cha kwanza Lalsari alichonunua kilikuwa nyati jike wa maziwa, mkubwa, mweusi, mwenye macho ya dharau. Akamfunga palepale alipofungwa yule wa zamani. Jina akampa Gaumati.

Habari zikasambaa, kama alivyotaka zisambae. Siku moja Dilbar alipita njiani, akasikia anavyomwita, akasimama nje ya ua.

"Mama Sajini, si vizuri. Shangazi yangu ni mtu mzima."

"Na huyu ni nyati mzima. Umesikia amelalamika?"

"Watu wanacheka."

"Wacheke. Karibu maziwa, mwenyekiti. Gaumati ametoa mengi leo."

Dilbar akaenda zake.

Maneno yale ya kwenye jiwe, hata hivyo, hayakuondoka na Gaumati. Yalibaki. Asubuhi moja Lalsari alisimama mbele ya picha ya Hastabir kwa muda mrefu, ndoo mkononi. Kisha akaitoa msumarini, akaenda kuitundika kwenye nguzo ya zizi, uso ukitazama makalio ya nyati, medali na yote.

"Si ulimtunza?" alimwambia. "Mtunze."

Akakaa kwenye kigoda, akaegemeza paji la uso kwenye ubavu wenye joto, akashika chuchu kwa nguvu kidogo kuliko ilivyohitajika. Mnyama akarusha mguu.

"Simama vizuri, Gaumati," alisema, na maziwa yakaanza kulia kwenye ndoo.